Majaruba Mawili ya Mama Gwamaka

Atupele,

Sikuandikii kukutakia safari njema. Safari njema watakutakia hao rafiki zako uliokwenda kuwaaga Kasumulu leo, wakusaidie na kuchagua vitenge vya kuvalia ofisini huko Dar es Salaam. Mimi nimebaki nyumbani na begi lako na hasira yangu. Ni saa tisa mchana, na joto la Kyela unalijua, kalamu inaniteleza mkononi. Ningeweza kungoja urudi nikuambie kwa mdomo, lakini tutagombana kama juzi. Wewe ukigombana unalia, na ukilia mimi nanyamaza. Safari hii sinyamazi.

Mambo ya kuchemsha maji na kuangalia pochi yako stendi utaambiwa na shangazi yako utakayefikia kwake. Hayo anaweza hata jirani kukuambia. Mimi nataka kusema juu ya kesho.

Kesho saa kumi na mbili alfajiri basi lako linaondoka. Kesho saa tatu kamati ya skimu ya umwagiliaji inakaa, na ikikaa itamnyang'anya Mama Gwamaka majaruba yake mawili ya mpunga impe shemeji yake. Shemeji naye ameshaongea na mnunuzi wa mpunga aliyekuja na malori, amkodishie yote manne ya marehemu kaka yake kwa mkupuo. Tangu wanunuzi binafsi waingie, watu wameanza kuliangalia jaruba kwa jicho jingine. Mama Gwamaka na watoto wake watatu watakula nini, hilo halimo kwenye ajenda. Na wewe, ambaye neno lako moja lingeizuia kamati ile, saa tatu utakuwa umeshapita Tukuyu, umekaa dirishani unakula ndizi za kuchoma.

Nina hasira nawe. Lakini nitaanza na kosa langu, maana la kwako unalijua.

Kompyuta ya kwanza ilipoletwa skimu wewe ulikuwa bado hujaanza shule. Walioileta ni wafadhili waliotujengea mfereji. Ikawekwa mezani, ikafunikwa kitambaa cha kufuma, na mwenyekiti akakataza watu kuisogelea na viatu vya matope. Mimi nilikuwa mpiga chapa. Nikapelekwa Mbeya wiki mbili, nikarudi naitwa mtaalamu, nikaambiwa niitoe rejista ya wakulima kwenye kaunta buku niiingize humo ndani.

Nikatengeneza majedwali mawili. La kwanza la wakulima, kila mmoja na namba yake. La pili la majaruba, kila jaruba na mstari wake, na katika mstari huo kuna safu ya namba ya mwenye jaruba. Namba moja tu. Yule kijana wa mradi aliyekuwa ananisimamia akaniangalia akaniuliza, "Mama, hapa kwenu jaruba moja lina mtu mmoja?"

Nikamwambia, "Inategemea."

"Kama inategemea, tengeneza jedwali la tatu la kuunganisha. Upande huu namba ya jaruba, upande huu namba ya mtu, na pembeni uandike huyo mtu ana haki gani pale. Hata wakiwa watatu, wote wataingia."

Nilimwelewa palepale, Atupele. Usidhani mama yako alikuwa mjinga. Nilijua kabisa anasema nini, kwa sababu nilizijua nyumba zetu. Mwanaume ana wake wawili, kila mke ana nyumba yake, ghala lake na mashamba yake, na kinachotoka kwenye mashamba hayo kinalisha watoto wa nyumba hiyo. Mume ndiye anayeitwa mwanachama, lakini hawezi kuchukua mpunga wa nyumba ya mke wa pili akaupeleka nyumba ya mke wa kwanza bila vita. Ndandalo nzima inalijua hilo, Busale wanalijua, mtoto wa miaka mitano analijua. Na kwa kuwa kila mtu analijua, hakuna mtu aliyewahi kuliandika. Kulijaza jedwali la tatu kulimaanisha niende kwa miguu jaruba moja baada ya jingine niulize, nani analima hapa, kwa haki ipi.

Nilikwenda wiki moja. Matope yalinichosha, jua likanichosha, na mwenyekiti alikuwa ananihimiza kwa sababu wageni wa ufunguzi walikuwa njiani. Siku ya mwisho nilifika kwa Mama Gwamaka. Alikuwa ndani ya maji anapandikiza, na wewe umekaa juu ya tuta unachezea tope, maana ndiko ulikoshinda. Nilipokuwa ninakwenda kupiga chapa, nani alikuwa anakulea? Kabla hujajua kutembea alikuwa anakufunga mgongoni pamoja na kazi zake zote.

Nikamuuliza, "Haya majaruba mawili mlipewa na nani?"

Akainamisha kichwa. "Unamjua."

"Namjua, lakini ninaandika. Nitajie jina."

"Siwezi kumtaja, mama Atupele."

Alikuwa ni baba mkwe wake. Ninyi wa siku hizi mnacheka, lakini wanawake waliolelewa kwetu kama yeye jina la baba mkwe halitoki kinywani, na wakimwona anakuja njiani wanapinda porini. Ningeweza kumuuliza jirani. Jirani alikuwa hatua ishirini pale, amesimama anatutazama. Lakini nilikuwa nimechoka, nataka kwenda kuvua viatu, nikaona huyu mama ananisumbua na aibu zake. Nikaandika kwenye daftari, mke 2 analima. Nikaondoka.

Jedwali la tatu sikulitengeneza. Nilichofanya, niliongeza safu moja ndogo mwishoni mwa jedwali la majaruba, ya herufi ishirini, nikaiita MAELEZO. Kila jambo ambalo sikutaka kulihangaikia nikalitupia humo. Anadai mfereji. Mtoto wa marehemu. Mke 2 analima. Kisha ile kaunta buku, yenye mwandiko wa makarani watatu walionitangulia, pamoja na daftari langu, nikampa muuza karanga afungie karanga zake. Nilijiona wa kisasa sana.

Mama Gwamaka alipokuja mjini siku ya soko alipita ofisini. "Mmeniandika?"

Nikasema, "Nimekuandika."

"Jina langu?"

"Jina lako lote."

"Ndaga fijo," akanishukuru, akaniachia debe zima la mchele mpya. Tuliula mimi na wewe. Nilimdanganya mtu aliyekuwa ananilelea mtoto, nikala na mchele wake, na ulikuwa mtamu, sikusakamwa hata na punje moja.

Miaka yote ile safu ya MAELEZO ilifanya kazi kwa sababu mimi nilikuwepo. Ugomvi ukitokea, mwenyekiti ananiambia fungua, ninafungua, ninasoma, kila mtu anarudi kwake. Sheria ndogo ya skimu ilisema anayelima haondolewi ikiwa rejista inamtambua, na herufi zile chache zilitosha kuwa utambuzi. Nikajisifu kwamba nimeokoa miezi mitatu ya kutembea kwenye matope.

Halafu ukarudi wewe na diploma yako.

Unakumbuka ulivyoingia ile ofisi? Mwenyekiti alikupa kazi ya kuandika programu mpya, akakupa na sharti moja. Majedwali yasiguswe, maana mashine ya pili inayopanga zamu za maji inayasoma hayohayo, na wilayani nako wanayasoma. Ulichukua kalenda ya zamani ukaigeuza, ukachora miduara na mishale. "Mama, kwenye programu yangu kila kitu kinajijua. Mkulima ni kitu hai. Anayajua majaruba yake, na jaruba linamjua mwenyewe. Sasa kazi yangu ni kuvifunga hivi vitu vyangu kwenye majedwali yako, huu mshale uende kwenye safu ile, ule uende kwenye safu ile."

Nilikusikiliza. Kusema kweli nilifurahi, nilijivuna mpaka nikaona haya. Kisha ukafungua jedwali la majaruba, ukafika mwisho, ukacheka.

"Hii MAELEZO ni nini, mama? Hili si jalala?"

Mwenyekiti akacheka, na karani mpya akacheka. Mimi nikachukua kitambaa nikafuta vumbi mezani, vumbi ambalo halikuwepo.

Sasa soma hapa taratibu, kwa sababu sijawahi kumwambia mtu. Nilijua kilichomo kwenye jalala lile. Nilijua kwamba huo mshale wako mmoja, jaruba kwa mwenyewe, haukutosha, na kwamba mshale wa pili umefichwa humo kwa maneno. Nilikuwa na siku kumi na nane za kukuambia. Kila siku nilikuletea chai pale mezani, nikaweka kikombe, nikaondoka. Nilinyamaza nikitaka ujikwae. Nilitaka uje mbele ya mwenyekiti yule yule siku moja, na diploma yako, useme, naomba mama yangu anieleze. Nilitaka unihitaji. Huyo ndiye mama yako, si yule unayemsifia kwa wenzako.

Hata zile disketi tano za akiba, zilizokuwa na nakala ya majedwali ya zamani, ulipokuja kuniomba ubebee programu yako, nilikupa mwenyewe. Ukazifuta zote. Nilikuangalia ukizifuta.

Hukujikwaa. Ulimaliza, ukapigiwa makofi, ukaandika hati ya makabidhiano kwamba kumbukumbu zote ziko salama na hakuna kilichopotea, ukasaini. Kwa hati hiyo umepata kazi Dar es Salaam. Na wiki iliyofuata mwenyekiti akaniita akaniambia kwa heshima zote kwamba kwa programu hii nzuri ya binti yako, mama, sasa hatuhitaji tena mwandishi. Nilibeba mfuko wangu nikarudi nyumbani, na wewe ulinipikia wali siku hiyo ukaniuliza kwa nini sili.

Kisha mume wa Mama Gwamaka akafa. Baada ya matanga, karani akafungua jina lake kwenye programu yako, akaandika marehemu, akamweka mdogo wake kuwa mwanachama, akabonyeza hifadhi. Kumbe programu yako ikihifadhi haibadilishi kidogo kidogo. Inafuta mistari yote ya majaruba ya yule mkulima, inaiandika upya kwa yale inayoyajua. Na safu ya MAELEZO haikuijua, kwa sababu ulishaiona jalala ukaipita. Mistari minne ikarudi, namba moja, mwenye mali mmoja, na pale mwisho tupu.

Kikao cha wiki iliyopita ulikuwepo, uliitwa kama mtaalamu. Nilikuwa nimesimama dirishani nje, maana sina tena kiti humo. Nilimsikia mwenyekiti akimuuliza Mama Gwamaka, "Mama, unadai majaruba mawili ni ya nyumba yako. Mlipewa na nani?"

Mama Gwamaka akainama.

"Tunakuuliza kwa heshima. Nani aliwapa?"

Shemeji yake akasema kwa sauti, "Hajui! Angekuwa anajua si angesema?" Na yeye shemeji analijua jina lile, ni la baba yake mzazi, na anajua fika kwa nini shemeji yake hawezi kulitamka. Nilitamani nipite dirishani.

Halafu wakakugeukia wewe. Ukatazama skrini, ukasema, "Kompyuta inaonyesha majaruba yote manne ni ya marehemu."

Sauti yako ilikuwa nzuri, Atupele, ya mtu aliyesoma. Mama Gwamaka alikutazama. Hakuwa amekasirika. Alikutazama vilevile alivyokuwa anakutazama ukiwa mtoto, ukianguka kwenye tope, anangoja aone kama utainuka mwenyewe.

Jioni ile nilikuambia habari ya safu. Ulifungua programu, ukasoma. Ukasema, "Ni kweli, mama. Inafuta." Nikadhani kesho yake utakwenda kwa mwenyekiti. Badala yake ukaniambia, "Nimeshasaini hati. Nikisema leo kwamba nilipoteza kumbukumbu, watapiga simu Dar, kazi imekwenda." Ukaniambia niende mimi nikaseme. Nilikwenda! Unajua mwenyekiti alinijibu nini? "Mama Atupele, huyo ni shoga yako. Na hati ya binti yako inasema hakuna kilichopotea. Nimwamini nani, mtaalamu au aliyeachishwa?"

Basi ndiyo hali. Daftari sina, nililivunjia heshima kwa karanga. Disketi hatuna. Waliobaki wanaojua kilichokuwa kwenye zile herufi ishirini ni watu wawili, mmoja haaminiki na mwingine anafunga begi.

Juzi uliniambia kosa si lako, majedwali uliyakuta. Ni kweli uliyakuta. Mimi pia nilizikuta nyumba za watu zikiwa zimejipanga, na nikazibana ziingie kwenye kisanduku changu kwa sababu ya jua. Wewe ulikuta kisanduku changu ukabana vitu vyako hai viingie humo. Uliona kisichoingia ukakiita takataka, mimi nilikiona nikakiita maelezo. Sioni nani kati yetu ana haki ya kumcheka mwenzake. Lakini kuna tofauti moja inayonitia uchungu. Mimi nilipokosea hakuna aliyekuwa amesimama mbele yangu anapoteza shamba. Wewe umemwona. Umemwona na unanunua vitenge.

Unadhani huko Dar hutayakuta? Kila ofisi utakayoingia utayakuta majedwali ya mtu mwingine, yana safu za ajabu ajabu mwishoni, na mtu aliyeziandika ameshazeeka, au amefukuzwa, au amekasirika kama mimi na hataki kukuambia. Mtafute. Mvumilie hata akikununia. Mimi ningekuambia siku ya pili tu kama ungeuliza bila kucheka. Au labda nisingekuambia, sijui, nilikuwa na roho mbaya wakati ule. Ungeuliza lakini.

Nilijaribu pia kukutafutia udhuru. Nikasema ni mtoto, ndiyo kazi yake ya kwanza, na kazi siku hizi haziokotwi. Nilipopunguzwa mimi mwenyewe nimeonja. Nakupenda, hilo sina haja ya kulipamba, ningekuwa sikupendi nisingekuwa na hasira ya namna hii, ningekuacha uende. Lakini nikikumbuka mgongo uliokubeba, udhuru wote unaniishia.

Kesho sitakusindikiza stendi. Usiningoje mlangoni. Nitaondoka mapema kwenda kwa Mama Gwamaka kwanza, nimwambie kwa mdomo wangu kwamba siku ile ya soko nilimdanganya. Hilo linanitisha kuliko kamati. Kisha tutakwenda naye kikaoni, na jina la baba mkwe wake nitalitaja mimi, kwa sauti, mara tatu wakitaka, mimi si mkwe wake.

Nimeandika na barua ya kamati, nimeiweka ndani ya begi lako pamoja na hii, juu ya nguo, huwezi kulifunga bila kuiona. Nimeeleza yote. Jedwali la tatu ambalo sikulitengeneza, daftari nililolitupa, siku kumi na nane za chai. Nimeeleza pia programu inavyofuta na kuandika upya, kama ulivyonieleza, ila mimi si mtaalamu, sijui kama nimeeleza sawasawa. Palipo na makosa utasahihisha.

Mwanzoni mwa barua nimeandika jina lake. Si Mama Gwamaka, si mke wa pili. Tusekile Mwalusako. Nilipomaliza kuliandika nikahesabu, sijui kwa nini sikuwahi kuhesabu kabla. Lina herufi kumi na saba, na nafasi moja katikati. Safu yangu ilikuwa ya ishirini. Miaka yote hii lingeingia, na nafasi mbili zingebaki.

Mwisho wa barua nimesaini mimi. Chini ya jina langu nimepiga mstari mwingine nikauacha wazi, na kalamu nimeibana hapohapo. Ukiondoka, itoe hiyo barua kwenye begi uiache mezani, nitapita kuichukua niipeleke hivyo hivyo na mstari wake mtupu, na wao watauona.

Basi la Dar lipo kila siku.

Mama yako,
Subilaga